Mjane wa mwanajeshi wa Marekani yuko Moshi: achukue Fry au DEA, na vyuo vya huku vinakubalika?

Kiboriloni_Juu aliandika:

Wakuu, namuulizia dada yangu. Mume wake alikuwa sajini wa jeshi la nchi kavu la Marekani, raia wa huko, akafariki 2019 kwenye ajali ya mazoezi akiwa kazini. Ndoa ilifungwa bomani Moshi mwaka 2016 na cheti kipo. Dada ana miaka 34 na mtoto mmoja wa miaka 8. Grini kadi yake haijaisha muda, ila yuko Moshi tangu Mei 2025. Ile pensheni ya wafiwa, DIC, inaingia kila mwezi. Hela ya masomo hajaigusa kabisa.

Anataka kusoma shahada, uuguzi au uhasibu, na asome huku huku Moshi au Arusha ili mtoto asihamishwe shule. Tumesikia kuna misaada miwili, Fry na DEA, na kwamba ukichagua umechagua. Kipi kina faida kwake? Vyuo vya huku vinalipiwa kweli au ni hadithi za vijiweni? Na jambo la mwisho, kuna mchumba, na upande wa kijana wameshaleta mbege nyumbani. Hilo lina madhara gani?

Naomba wanaojua makaratasi yenyewe wajibu, sio "nenda ubalozini wakuelekeze".

---

Karatasi_Kwanza alijibu:

Pole kwa msiba, kaka, na mpe dada pole. Naanza na kuchagua, maana hapo ndipo watu wanajifunga wenyewe.

Yote mawili yanatoka Wizara ya Maveterani ya Marekani, VA. Fry imepewa jina la John David Fry, mwanamaji wa kikosi cha Marine aliyeuawa Iraki 2006 akitegua mabomu. Mwanzoni ilikuwa ya watoto tu. Wajane na wagane waliingizwa kwa sheria ya 2014, wakaanza kulipwa 2015, ndiyo maana kurasa za zamani zinakwambia mjane hastahili. Usizisome hizo. Kinachotakiwa ni mwanajeshi awe amefariki akiwa kazini, tarehe 11 Septemba 2001 au baadaye, na kifo kiwe kimehesabiwa kuwa cha kazini. Ajali ya mazoezi inahesabika. Sio lazima awe amekufa vitani.

DEA ni ya zamani zaidi, mara nyingi huitwa Sura ya 35. Inawagusa pia wajane wa waliokufa baadaye kwa ulemavu au ugonjwa uliotokana na jeshi.

Tofauti kubwa ni namna ya kulipa. Fry inakwenda kwa njia tatu: ada inalipwa moja kwa moja chuoni, posho ya makazi inaingia kwako kila mwezi, na hela ya vitabu hadi dola 1,000 kwa mwaka wa masomo. DEA haijali ada yako ni kiasi gani. Inakupa kiasi kimoja kwa mwezi, ujipange mwenyewe na ada, chakula na nauli ya daladala.

Viwango vya sasa: kwa chuo kilicho nje ya Marekani, Fry inalipa ada halisi isiyozidi dola 29,920.95 kwa mwaka unaoanza 1 Agosti 2025 na kuisha 31 Julai 2026. Hata ukiihesabu dola kwa shilingi 2,500, hiyo ni zaidi ya milioni 74. Hakuna shahada ya uuguzi wala uhasibu Moshi au Arusha inayokaribia hapo, kwa hiyo ukomo huo usimnyime usingizi. Chenji haimrudii yeye. Wanalipa ada ilivyo basi. Faida yake iko kwenye posho ya makazi: chuo cha nje kinapewa wastani wa taifa zima la Marekani, dola 2,338 kwa mwezi kwa anayesoma muda wote. DEA kwa muda wote ni dola 1,574 kwa mwezi tangu 1 Oktoba 2025.

Sasa chukua mwaka wa masomo wa huku, mihula miwili ya wiki 17. Hiyo ni siku 238. VA inahesabu mwezi kuwa siku 30 na hailipi likizo kati ya mihula, kwa hiyo ni karibu miezi 7.9 ya kulipwa, sio 12. Fry: karibu dola 18,500 za makazi, ongeza vitabu, na ada imeshalipwa pembeni. DEA: karibu dola 12,500, na ada inatoka humo humo. Kwa dada yako sioni sababu ya kuchagua DEA.

DEA inashinda pale ambapo ada imeshafadhiliwa na mtu mwingine na mwanafunzi anasomea mtandaoni kwenye chuo cha Marekani. Hapo Fry inashuka hadi nusu ya wastani, dola 1,169 kwa mwezi, na DEA inabaki 1,574. Pia kwa mjane mwenye umri mkubwa, kwa sababu za kuolewa tena ambazo wengine watazigusa.

Muda: mume alifariki baada ya 1 Januari 2013, kwa hiyo Fry yake haina tarehe ya mwisho. DEA kwa kifo cha kazini ni miaka 20 tangu siku ya kifo, yaani hadi 2039. Hakuna kinachomkimbiza wiki hii upande huo.

Uchaguzi unafanyika kwenye fomu 22-5490, kuna sehemu ya kuweka alama Fry au DEA, na kwa mjane haubatilishwi. Asijaze kwa simu ndani ya basi.

---

Shayo_wa_Soweto alijibu:

Nyongeza kidogo, miezi ni 45. Kwa hiyo anaweza kumaliza shahada na uzamili.

---

Karatasi_Kwanza alijibu:

Hapana mkuu. Miezi 45 ilikuwa DEA kwa walioanza kusoma kabla ya 1 Agosti 2018. Anayeanza sasa ni 36, Fry au DEA. Ila hitimisho lako lina ukweli kwa njia nyingine. Miezi 36 ni siku 1,080. Uhasibu wa miaka mitatu kwa siku 238 kila mwaka unakula 714. Zinabaki 366, mwaka mzima wa kulipwa, na uzamili unaingia hapo vizuri. Uuguzi ni miaka minne: 952, zinabaki 128, muhula mmoja tu. Akichagua kozi ya miaka mitano, kama udaktari, siku zinamwishia mwaka wa tano unapoanza kukolea. Hilo alipime kabla ya kuomba udahili.

---

Meru_Mashariki alijibu:

Suala la vyuo. Jibu fupi: vyuo vya nje vinalipiwa, lakini idhini haiendi kwa nchi wala kwa chuo kizima. Inakwenda kwa programu. Unaweza kukuta chuo kimo kwenye orodha kwa sababu Mmarekani mmoja alisoma pale uzamili wa afya ya jamii, na shahada ya uhasibu haimo.

Kuangalia: kwenye tovuti ya VA kuna kifaa cha kulinganisha vyuo cha GI Bill. Usitafute kwa jina kwanza, maana majina ya vyuo vyetu yameandikwa kwa namna tatu nne. Tafuta kwa nchi, Tanzania, kisha soma orodha yote. Ukikipata chuo, nakili ile namba yake ya tarakimu nane. Ndiyo itakayotumika kila mahali. Halafu piga simu kuuliza programu ipi hasa imeidhinishwa na kama idhini bado ni hai.

Kama hakimo, safari haijaisha ila inarefuka. Chuo kinajaza fomu 22-0976, ombi la kuidhinishwa kwa programu ya nje. Kinaambatanisha prospektasi iliyosainiwa kuwa ni sahihi, ushahidi kwamba kinatambuliwa na mamlaka ya nchi (kwa vyuo vikuu vyetu ni TCU, Tume ya Vyuo Vikuu), na jina la ofisa atakayethibitisha wanafunzi. Vyuo vingi vinakwamia hapa hapa, na sio kwa ubaya. Fomu inamtaka kiongozi wa chuo akubali kutoa taarifa za mahudhurio na kuruhusu kumbukumbu za mwanafunzi zikaguliwe. Msajili akisoma hivyo anapeleka kwa mwanasheria wa chuo, mwanasheria anaweka kwenye faili, faili linalala. Dawa ni dada kwenda mwenyewe ofisi ya udahili akiwa na fomu imechapwa, sehemu zinazohusu programu ameshazitilia penseli, na maelezo ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili: nani analipa, analipaje, chuo kinatakiwa kufanya nini na mara ngapi. Barua pepe peke yake haitoshi. Apeleke karatasi, apate muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake.

Vitu vitatu vinavyokataliwa moja kwa moja, msipoteze nauli:

Stashahada na astashahada. Nje ya Marekani wanalipia masomo ya kiwango cha shahada katika taasisi ya elimu ya juu. Kozi hizo, hata ziwe nzuri vipi, haziingii. Hii inawauma sana wa uuguzi, kwa sababu wengi huanza na stashahada. Dada lazima aingie moja kwa moja shahada: alama kuu mbili za kidato cha sita zenye jumla ya pointi 4.0 kwa kipimo cha TCU, na kwa uuguzi masomo yenyewe yanabanwa zaidi. Kama alisoma HGL (historia, jiografia na lugha) aachane na uuguzi mapema.

Masomo ya masafa ya chuo cha nje. Hawalipii. Kwa hiyo Chuo Kikuu Huria, pamoja na vituo vyake vya Arusha na Kilimanjaro, hakitamfaa kwa hela hii. Kusoma mtandaoni kunaruhusiwa kwa chuo cha Marekani tu, na hapo ni ile posho nusu aliyoitaja Karatasi_Kwanza. Anaweza kukaa Moshi akasoma chuo cha Marekani, hakuna anayemkataza. Ila darasa la saa tatu usiku la New York kwa huku ni saa kumi alfajiri wakati wa kiangazi chao, na umeme ukikatika mtihani haumsubiri.

Mwaka wa maandalizi usio sehemu ya shahada. Huo ajilipie.

Kwa majina ya vyuo: MoCU na Mwenge pale Moshi, KCMC kwa afya, Makumira na Chuo cha Uhasibu upande wa Arusha, hivyo ndivyo vya kuanzia kuulizia kulingana na kozi. NM-AIST ni uzamili na uzamivu tu, kwa hiyo hapana kwa sasa. Sisemi kipi kimo kwenye orodha leo, kwa sababu orodha inabadilika. Aangalie siku ile ile anayotaka kuomba.

Kuhusu krediti, mwambieni msajili aandike wazi kwenye barua ya udahili kwamba mzigo wa mwanafunzi ni wa muda wote kwa kanuni za chuo. Krediti yetu ni saa 10 za kujifunza, mwaka una 120. Ya Marekani ni kitu kingine kabisa, kule muda wote ni 12 kwa muhula. Karani wa VA akiona 60 kwa muhula bila maelezo anaandika kuuliza, na swali hilo linakula wiki kadhaa.

---

Msimamizi aliandika:

Kuna wawili wameuliza kuhusu wajane wa JWTZ. Fungueni uzi wenu, utaratibu ni mwingine kabisa na hapa mtachanganywa. Uzi huu ubaki wa jeshi la Marekani.

---

Wakili_Kaloleni alijibu:

Mbege na mchumba.

Uchumba sio ndoa. Kishika uchumba, mbege, wazee kukaa, hayo hayamwondolei kitu. Ndoa ndiyo inayomwondolea, na hapa watu wa Kilimanjaro wanajidanganya kwa kudhani ndoa ni ile ya bomani au kanisani tu. VA inaangalia sheria ya mahali wanandoa walipo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya kiserikali, ya kidini na ya kimila. Mahari ikimalizwa, bibi harusi akatolewa kwao akasindikizwa kwa mume kwa taratibu zote, hiyo ni ndoa, na kutosajiliwa hakuifuti. Kauli ya "hatujaandikisha kwa hiyo hakuna ndoa" haitamsaidia mbele ya karani mwenye faili.

Madhara yake ni haya. Fry inakoma siku ya kuolewa tena, awe na miaka 34 au 74. DEA inakoma akiolewa kabla ya miaka 57, ila ndoa hiyo ikivunjika kwa talaka au kifo inaweza kurudi. DIC inakoma akiolewa kabla ya miaka 55. Umri huo ulishushwa kutoka 57 kuanzia 5 Januari 2021. Kwa hiyo kwa miaka 34 anapoteza vyote vitatu kwa mpigo. DIC ya msingi mwaka 2025 ilikuwa dola 1,653.07 kwa mwezi, achilia mbali nyongeza ya mtoto. Mchumba anatakiwa azijue hesabu hizi kabla ya wazee kupanga tarehe.

Akiolewa, atoe taarifa mara moja. Malipo yote yaliyoingia baada ya tarehe ya ndoa ni deni, na VA inalidai kwa kukata kwenye chochote kingine watakachomlipa.

Mtoto haguswi. Ana Fry yake mwenyewe, miezi yake 36, haipungui mama akisoma na haifutiki mama akiolewa. Yeye ataomba akifika umri, atachagua na yeye Fry au DEA, na kwa kuwa baba alifariki baada ya 2013, kwa Fry hana ukomo wa miaka.

Sasa grini kadi, ambayo hukuiuliza ila ndiyo iliyonishtua. Yuko Moshi tangu Mei 2025. Ikifika Mei 2026 bila kurudi, atakuwa amekaa nje mwaka mzima, na kadi peke yake haitoshi tena kumrudisha. Kibali cha kurejea kinaombwa kwa fomu I-131, kwa kawaida kinadumu miaka miwili, lakini siku ya kuomba lazima awe ndani ya Marekani. Huombi ukiwa Moshi. Kwa hiyo kama anataka kuishi huku miaka mitatu au minne ya chuo, arudi kabla ya Mei, aombe, apigwe alama za vidole, ndipo aje.

Na kuna njia bora kuliko hiyo. Kifungu cha 319(d) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani kinamruhusu mjane wa raia aliyekufa akiwa kwenye utumishi wa heshima jeshini kuomba uraia bila ile miaka mitano au mitatu ya ukaazi. Masharti: awe na grini kadi, na awe alikuwa akiishi na mumewe kama mke na mume wakati wa kifo. Fomu ni N-400. Ataambatanisha cheti cha ndoa, ushahidi wa uraia wa marehemu na hati ya kifo ya jeshi, DD 1300. Sharti la kukaa nchini mfululizo halimhusu, kwa hiyo miezi aliyokaa Moshi haihesabiwi dhidi yake, ilimradi kadi haijapotea hadhi. Ndiyo maana nasema kabla ya Mei. Akipata pasipoti ya Marekani, chuo cha Moshi asome hata miaka kumi. Hapo hapo akumbuke Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima, kwa hiyo atahitaji kibali cha kuishi hapa kwao. Wapime wenyewe.

Kwa taarifa tu, hela ya masomo na DIC hazidai uraia wala grini kadi. Hata kadi ikipotea, haki hizo zinabaki.

---

NjiaPanda_Himo alijibu:

Nataja karatasi na mzunguko wa hela, maana ndipo watu wanapokwama baada ya kufurahi.

Kwa kuwa DIC inaingia, ndoa na kifo vimeshathibitishwa ndani ya VA. Msikimbilie RITA kutafuta cheti kipya. Anahitaji barua ya kukubaliwa DIC, nakala ya DD 1300, namba ya hifadhi ya jamii ya marehemu na ya kwake, pasipoti, na barua ya udahili kama ameshaipata. Udahili sio lazima kwa kuomba. Anaweza kuomba 22-5490 sasa, apate barua ya ustahiki, kisha aende nayo chuoni. Na ni vizuri hivyo, kwa sababu msajili akiona barua yenye nembo anakuwa msikivu zaidi.

Majina. Cheti cha bomani kina majina matatu, faili la VA lina mawili, NIDA ina jina la baba mwishoni na pasipoti ina la mume. Yaandikeni yote kwenye karatasi moja muone. Kama hayalingani, kiapo cha majina kwa wakili, kwa Kiingereza, kikitaja kila mtindo wa jina ulivyoandikwa na kwenye hati ipi, kinamaliza kazi. Barua ya udahili ifuate jina la faili la VA herufi kwa herufi. Tofauti ya "Mushi" na "Moshi" kwenye barua imetosha kumtenganisha mtu na malipo yake muhula mzima.

Fomu inajazwa mtandaoni kwa akaunti ya Login.gov au ID.me. Akaunti za zamani za DS Logon zilifungwa mwishoni mwa Septemba 2025, msihangaike nazo. Akijaza kwa karatasi, atume kwa huduma yenye namba ya kufuatilia na abaki na nakala ya kila ukurasa.

Akishasajiliwa, ofisa wa chuo ndiye anayethibitisha kwa VA: tarehe ya kuanza na kuisha muhula, mzigo wa masomo, na ada. Bila yeye hakuna shilingi. Waangalie sarafu. Ada ikiandikwa 1,500,000 bila kusema ni shilingi, faili linarudi. Na mpate jina la msaidizi wake pia, kwa sababu huyo mmoja akienda likizo ya uzazi mwezi Oktoba, malipo yanaenda likizo naye.

Tatizo la control namba. Vyuo vyetu vinataka angalau nusu ya ada kabla ya kusajiliwa, na bila kumaliza huingii chumba cha mtihani. VA kwa upande wake hailipi mpaka mtu amesajiliwa na kuthibitishwa. Mnaona mkwamo. Kuna njia mbili. Ya kwanza, chuo kinampa barua ya kumruhusu asajiliwe kwa kutegemea mfadhili, kama wanavyofanya kwa wanaosubiri bodi ya mikopo. Hiyo iombwe kwa maandishi mwezi mmoja kabla. Ya pili, alipe mwenyewe kwa control namba, VA ikishalipa chuo kimrudishie. Njia ya pili inafanya kazi, lakini kurudishiwa hela na ofisi ya fedha ya chuo ni ibada. Apate ahadi hiyo kwa maandishi kabla ya kulipa, na atunze risiti.

Posho ya makazi inalipwa nyuma. Ya Novemba inaingia mwanzoni mwa Desemba. Muhula ukianza tarehe 20, mwezi ule analipwa siku zile chache tu. Chuo kikisogeza tarehe za muhula, na vinasogeza, ofisa lazima arekebishe uthibitisho. Asiporekebisha, VA inalipa siku ambazo hakuna darasa na inazidai baadaye.

Kila mwezi anayelipwa Fry anathibitisha mwenyewe kwamba bado anasoma. Akiacha miezi miwili mfululizo posho inasimama. Mfumo wa ujumbe mfupi ni wa namba za Marekani, kwa hiyo +255 hapana. Achague barua pepe, na ile barua mara nyingi inatua kwenye takataka. Aweke kengele kwenye simu kila mwisho wa mwezi.

Kuacha somo katikati: mara ya kwanza VA inasamehe hadi krediti sita za kwao bila maelezo. Ya pili anatakiwa sababu yenye ushahidi, kama vile cheti cha hospitali. Vinginevyo ni deni.

Benki: asifunge ile akaunti ya Marekani DIC inakoingia. Posho ipitie humo humo, kisha aihamishe.

---

Meru_Mashariki alijibu:

Nimesahau. Kuna mashirika ya hisani yanayotoa hela za masomo kwa wajane wa wanajeshi, kama Folds of Honor. Na TAPS wana watu wa kuelekeza masuala ya masomo kwa wafiwa wa jeshi, bure. Asome masharti ya kila moja kuhusu chuo cha nje, mengi yanataka chuo cha Marekani.

---

Kiboriloni_Juu alijibu:

Wakuu nimechapa yote. Dada alisoma EGM (uchumi, jiografia na hisabati), kwa hiyo uuguzi umejifuta wenyewe, ni uhasibu. Kuhusu Mei nimempigia simu sasa hivi, hakuwa anajua. Maswali mawili ya mwisho. Je, aombe Fry kwanza au aende Marekani kwanza? Na ile simu ya kuuliza programu unapiga namba gani kutoka huku, maana ya bure haishiki.

---

Karatasi_Kwanza alijibu:

Marekani kwanza, kwa sababu hiyo ndiyo yenye tarehe. Fry ajaze akiwa huko huko, kwenye intaneti isiyokatika, na aweke tarehe ya kuanza inayolingana na muhula wa Oktoba au Novemba. Dirisha la udahili la TCU kwa kawaida hufunguka Julai. Barua ya ustahiki huchukua karibu mwezi, kwa hiyo akiomba Aprili atakuwa nayo mkononi kabla dirisha halijafunguliwa. Na kama chuo hakimo kwenye orodha, 22-0976 ianze kusukumwa wiki hii, wewe kaka ndiye utakayekuwa unakwenda ofisi ya udahili wakati yeye hayupo. Akuachie barua ya ruhusa iliyosainiwa, la sivyo msajili hatakusikiliza.

Kutoka nje ya Marekani piga 001 918 781 5678. Wanafungua saa mbili asubuhi ya kwao, Jumatatu hadi Ijumaa. Kwa huku ni saa kumi jioni wakati wa baridi yao, na wakisogeza saa zao mwezi Machi inakuwa saa tisa alasiri. Piga dakika ya kwanza wanapofungua, na weka salio la kutosha. Ukisubiri giza liingie utasikiliza muziki wao mpaka salio liishe.